Samadi ya Maji na Dawa ya Magugu Zikikutana Shambani

Katika jimbo la Iowa, Marekani, mfugaji mkubwa wa nguruwe hutakiwa apige hesabu ya naitrojeni na fosforasi kabla ya kumwaga samadi ya majimaji shambani. Atrazini haimo katika hesabu hiyo, ingawa shamba hilohilo la mahindi hupuliziwa dawa hiyo ya magugu. Hilo ni pengo, na wanaolipia ni wanywaji wa maji.

Watetezi wa utaratibu huu husema samadi huongeza mboji, na mboji huishika dawa isizame. Kwa samadi iliyooza ikachanganyika na udongo, ni kweli. Ya majimaji ni habari nyingine. Ukichota maji ya lambo la samadi ukayaacha yatuame, tope huzama, lakini maji ya juu hubaki na ukahawia wake. Sehemu ya ukahawia huo ni mboji iliyoyeyuka, na hiyo husafiri. Atrazini nyingine hujishikiza kwayo ikaenda nayo; nyingine hukosa pa kushika, kwa kuwa mboji hiyo imeshakalia nafasi kwenye chembe za udongo. Tena sodiamu ya samadi ikizidi, udongo wa mfinyanzi hutawanyika, vitundu vya juu huziba, na mvua huteremka na dawa hadi mtoni.

Njia ya chini hunitia hofu zaidi. Nyufa na mashimo ya nyungunyungu huyafikisha maji upesi kwenye mabomba yaliyofukiwa kukausha mashamba, nayo humwaga mitoni. Jiji la Des Moines hunywa kutoka mito hiyo. Mwaka 2015 mamlaka yake ya maji ilifungua kesi kuhusu naitreti itokayo kwenye mabomba hayo, kesi ikatupwa 2017.

Siungi mkono marufuku ya samadi. Kuna udongo ambamo bakteria wa samadi huharakisha kuivunja dawa. Lakini Marekani huruhusu maikrogramu 3 za atrazini kwa lita ya maji ya kunywa, ilhali Umoja wa Ulaya, uliokwisha kuiondoa sokoni, huruhusu 0.1 kwa kiuatilifu chochote kimoja. Penye tofauti kubwa hivyo, tahadhari ni haki ya mnywaji.

Basi tarehe ya kupulizia iandikwe katika mpango wa samadi. Samadi isimwagwe dawa ikiwa bado mbichi, wala mvua ikinyemelea. Udongo wa juu utifuliwe kwanza, mashimo ya nyungunyungu yakatike. Na maji yatokayo kwenye mabomba yapimwe atrazini, si naitreti peke yake.