Sehemu ya 7: Mtoto hajafanana na baba, kosa la mama liko wapi?

Leo tuongelee jambo linalovunja ndoa kabla hata kitovu cha mtoto hakijadondoka.

Mtoto kazaliwa. Mawifi wanakuja, wanamgeuzageuza. "Mbona pua sio ya kwetu? Mbona mweupe hivi?" Mmoja anajifanya kutetea: "Ah, kitanda hakizai haramu." Wanacheka. Jamani, hata huo utetezi unamtuhumu mama! Unamsamehe kosa ambalo hakuna aliyelithibitisha.

Msimamo wangu kama nesi: sura na rangi ya mtoto sio kipimo cha uaminifu wa mama yake.

Iko hivi. Chembe za mwili wako zina kromosomu 46, yaani jozi 23. Katika kila jozi, moja ulipewa na mama, moja na baba. Mwili unapotengeneza yai au mbegu, hautoi zote. Kwanza kromosomu za jozi moja zinalala pamoja na kubadilishana vipande. Halafu zinaachana, moja huku moja kule, kwa bahati tu, kama karata zinavyochanganywa. Hata usipohesabu vile vipande, mzazi mmoja anaweza kutoa michanganyiko zaidi ya milioni 8. Ndio maana watoto wa baba mmoja mama mmoja, huyu kamfuata bibi, yule hamjui kamtoa wapi.

La pili, mwili unaponakili vinasaba huwa unakosea herufi mojamoja. Hayo ndiyo mabadiliko ya jeni. Kila mtoto anazaliwa na mabadiliko mapya kama 60 hivi, na karibu yote hayana madhara. Na mengi, baba zangu msinune, yanatoka kwenu! Mbegu zinatengenezwa kila siku tangu balehe, nakala juu ya nakala, na umri ukisogea makosa yanaongezeka. Mayai ya mama yalianza kuandaliwa yeye akiwa bado tumboni kwa mama yake.

Sasa njoo kwenye ualbino, maana hapa ndipo wanawake wanarudishwa kwao na kichanga mkononi. Ualbino unatokana na mabadiliko ya zamani, yanayorithishwa kimyakimya. Mwenye nakala moja ana rangi yake kama kawaida, hajui kama anayo. Mtoto anapata ualbino akipokea nakala mbili, moja ya mama na moja ya baba. Kwa hiyo baba unayesema "kwetu hakuna hawa", kwenu kunaweza kuwepo miaka yote na msijue.

Selimundu nayo ni hivyohivyo. Wazazi wote wawili wakiwa wabebaji, kila mimba ina nafasi 1 kati ya 4. Nasema kila mimba. Sio kwamba ukishampata mmoja mgonjwa, watatu wanaofuata wamesalimika.

Kwa hiyo maneno ya mawifi yaacheni sebuleni. Kapimeni selimundu wote wawili, sio mama peke yake. Mtoto mwenye ualbino anahitaji kofia pana, mikono mirefu, mafuta ya kukinga jua na kupimwa macho mapema. Na anahitaji baba anayembeba kliniki mchana kweupe, watu wakiona.