Dawa Ipo Kwenye Orodha, Dirishani Haipo

Aliyewahi kupanga foleni kwenye dirisha la dawa la hospitali ya umma Tanzania anayajua maneno haya: "Mama, hizi mbili zipo. Hii ya tatu imeisha, utanunua nje." Kadi ya bima anayo mkononi, mchango umeshakatwa kwenye mshahara, na dawa yenyewe imo kwenye orodha ya Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya (NHIF). Bado anafungua pochi.

Tangu Bunge lilipopitisha muswada wa Bima ya Afya kwa Wote, Novemba 2023, tumebishana sana kuhusu nani achangie kiasi gani na dawa zipi ziingizwe kwenye kitita cha mafao. Ni mjadala halali. Lakini kuongeza majina kwenye orodha ni kazi ya kalamu tu. Kwa maoni yangu, bima inayolipia dawa pale tu hospitali inapokuwa nayo haijalipia dawa.

NHIF, ulioanza kazi mwaka 2001, hulipa baada ya huduma. Kituo hupeleka madai, yanakaguliwa, mengine yanakatwa, ndipo fedha inaingia. Kwa upande wa pili, kituo cha umma hutakiwa kuagiza kwanza Bohari ya Dawa (MSD). Kikikosa huko ndipo kiende kwa mshitiri, yaani msambazaji binafsi aliyeidhinishwa, utaratibu uliojaribiwa Dodoma kuanzia 2014. Malipo yakichelewa, oda inapungua, na dawa zinakatika kabla ya oda nyingine kufika. Mgonjwa hana mkono katika lolote kati ya hayo, ila bili inamwangukia yeye.

Liko pia suala la ngazi. Orodha ya taifa ya dawa muhimu hupanga dawa kufuatana na kituo, kuanzia zahanati hadi hospitali za ubingwa. Mantiki yake naielewa: hakuna anayetaka dawa za saratani zitolewe kwenye zahanati yenye muuguzi mmoja. Lakini mzee wa presha aliyeanzishiwa dawa na bingwa mkoani, ikamkubali, anaweza kurudi kijijini akaambiwa zahanati ya kwao hairuhusiwi kuitoa. Haumwi upya, anataka vidonge vya mwezi. Kumpandisha basi kila vidonge vinapoisha ni kumtoza nauli kwa sababu tiba imefanya kazi.

Watetezi wa Mfuko watasema ukilipa kila kitu utafilisika. Hoja hiyo ina uzito. Kitita kipya kilipoanza Machi 1, 2024, baadhi ya hospitali binafsi zilisitisha huduma kwa wanachama, zikidai bei zilizopangwa hazirudishi gharama. Na udanganyifu upo, yakiwemo madai ya dawa ambazo hakuna mgonjwa aliyezipokea. Kwa hiyo siombi dawa zenye majina makubwa ya kibiashara. Ile ya bei nafuu yenye kiambato kilekile inatosha.

Ninachotaka ni deni limfuate mhusika. Dawa ya kwenye orodha ikikosekana, kituo kitoe hati papo hapo, famasi iliyo karibu itoe dawa kwa bei ya kitita, na Mfuko uilipe kwa muda ulioandikwa kwenye mkataba. Kisha fedha hiyo ikatwe kwenye madai ya kituo, isipokuwa kionyeshe kwamba kiliagiza mapema na MSD ndiyo iliyoshindwa kuleta. Siku rafu tupu itakapomgharimu mganga mfawidhi, oda zitaandikwa kwa wakati. (Wafamasia wengi watafurahi, wamechoka kutukanwa kwa makosa ya watu wengine.)

Mpango huu una pengo. Nje ya miji, kilichopo aghalabu ni duka la dawa muhimu, si famasi, na leseni yake hairuhusu kila dawa ya cheti. Insulini nayo inahitaji friji. Basi insulini ibaki wajibu wa kituo, na kikiishiwa kiazime kituo jirani. Vidonge vya kawaida vya presha na kisukari havihitaji friji. Kwa hivyo, Wizara ipanue leseni za maduka hayo, kwa masharti ya cheti na ukaguzi, na ianze na wilaya zisizo na famasi hata moja.