Baada ya Kura, Mpango ni wa Nani?



Kila uchaguzi ukiisha, viongozi hujifungia chumbani kupanga hatua inayofuata. Kupanga ni jambo jema. Lakini je, mlango ukifunguliwa, mwananchi huambiwa nini?

Historia yetu ni shahidi. Mwaka 1992 upinzani uligawanyika, naye Rais Moi akashinda kwa takriban asilimia 36 tu ya kura. Mwaka 1997 kosa likarudiwa: Kibaki, Raila, Wamalwa na Charity Ngilu, mbunge wetu wa Kitui, kila mmoja alisimama kivyake, Moi akashinda tena kwa asilimia 40 hivi. Baada ya majuto hayo Kibaki, Wamalwa na Ngilu waliketi pamoja, na umoja wao ukakua hadi kuwa NARC, iliyoiondoa KANU madarakani Desemba 2002. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Hata hivyo, tusisahau yaliyofuata. Makubaliano ya kugawana madaraka ndani ya NARC yalifungwa baina ya wakubwa. Mzozo ulipozuka, mwananchi aliyewapigia kura hakuwa na pa kudai. Kufikia kura ya maoni ya Novemba 2005, waliokuwa wenzi walikuwa wakipingana majukwaani.

Sisi wa Ukambani twajua njia iliyo bora. Kikundi cha mwethya hakingoji mvua inyeshe ndipo kijenge bwawa la mchanga, wala kazi yake haipangwi kwa siri. Kila nyumba huijua siku yake. Huko Makueni, Profesa Kivutha Kibwana alipokuwa gavana kati ya 2013 na 2022, wananchi walijadili miradi kuanzia vijijini. Ikiwa kijiji chaweza kujadili kisima, kitashindwaje kujadili muungano wa vyama?

Basi viongozi wajapo makanisani na sokoni kuelekea uchaguzi wa Agosti 2027, tusiwapokee kwa vigelegele na mifuko ya harambee pekee. Tuwaulize: Mmekubaliana nini? Na nani? Mkivunja ahadi, nani atawawajibisha? Majibu yaandikwe, yasomwe hadharani.

Mpango usioweza kusomwa mbele ya waumini wa Wote na wachuuzi wa soko la Kitui si mpango wetu. Tuukatae mapema, kabla ya kuulipia kwa kura zetu.