Daftari la Wiki: Mlio Una Saa Yake

Wiki ya mvua hii, na asubuhi Dar es Salaam mikanda inalia mtaa mzima. Gari likiwashwa linapiga yowe, likipata moto linanyamaza, na mwenye gari anakimbilia dukani kununua mkanda mpya. Asubiri kwanza. Injini ikinguruma bila kukanyagwa mafuta, mikono mbali na puli, arushie maji kidogo upande wa mkanda wenye mifereji. Yowe likizidi, mkanda umelegea au umechakaa. Likikatika kisha likarudi, puli hazijakaa mstari mmoja, na mkanda mpya nao utaliwa.

*

Huko mtaani Gerezani, hapa Dar, fundi ninayemwamini hafungui boneti kabla ya kuuliza: linalia likiwa baridi, au likishapata moto? Swali hilo ni nusu ya kazi. Mlio wa tik-tik unaosikika asubuhi na kufifia baadaye mara nyingi ni gasketi ya manifoldi ya egzosi inayovuja. Chuma kikipata joto hutanuka na kuziba upenyo. Kwenye Vitz na IST nyingi zenye injini ya 1NZ, taimingi ni ya cheni, na tensiona yake husukumwa na springi pamoja na presha ya oili. Cheni ikichakarika sekunde chache baada ya kuwasha, chomoa kijiti cha oili kabla ya kumwita mtu yeyote. Oili ikipungua, tapeti nazo huanza kugonga, mlio mwepesi wa juu wenye kasi nusu ya mzunguko wa krenki, maana kemshafti huzunguka mara moja krenki inapozunguka mara mbili. Sikio lililozoea huutambua mwendo huo bila kifaa chochote.

*

Bisibisi ndefu, ncha kwenye altaneta au pampu ya maji, mpini sikioni: beringi iliyokufa inajitaja.

*

Kunoki ni habari nyingine. Mlio mzito unatoka chini, unaongezeka ukikanyaga mafuta. Fundi akikata moto wa silinda moja na mlio ukapungua, beringi ya konrodi ya silinda hiyo imekwisha. Zima, livutwe. Ukiendelea kuendesha, konrodi inaweza kukatika na kutoboa bloku.

Kinachonikera ni wauzaji wanaojaza oili nzito ili mlio huo ujifiche siku ya mnunuzi kuja. Huo ni wizi, na anayelipia ni dereva wa teksi aliyekopa, au mwalimu aliyeweka akiba miaka. Mnunuzi, shika boneti kabla ya ufunguo. Ikiwa ya moto, omba liachwe lipoe. Likishawashwa likiwa baridi, usiridhike na ukimya wake. Liendeshe nusu saa, lipandishe mlima. Oili ikipata moto huwa nyepesi, na hapo kinachogonga kitagonga tena. Muuzaji akikataa safari hiyo, mwachie gari lake.