Wazazi Wakiondoka: Makazi ya Watu Wazima Wenye Ulemavu na Wajibu wa Parokia Zetu

Lipo swali ambalo wazazi wazee huwauliza mapadre wao kwa sauti ya chini, mara nyingi baada ya Misa, watu wengine wakiwa wamekwisha kutawanyika: nikifa mimi, mwanangu atabaki na nani? Anayeulizwa habari zake si mtoto mchanga. Ni mwanaume wa miaka 38, au mwanamke wa miaka 41, mwenye ulemavu wa akili, asiyeweza kuishi peke yake. Mama yake mwenye miaka 70 bado humwogesha, humvisha, humpa dawa za kifafa asubuhi na jioni, na mgongo wake hauwezi tena kumwinua mtu mzima kutoka kitandani.

Swali hili ni la zamani, lakini uzito wake umeongezeka katika kizazi chetu. Nchini Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1980, mtu aliyezaliwa na ulemavu uitwao Down alitarajiwa kuishi miaka 25 hivi; leo anatarajiwa kufikia takribani 60. Upasuaji wa moyo, dawa za kuua vijidudu na malezi bora ndivyo vilivyoleta badiliko hilo. Kwetu pia, kila zahanati inapofunguliwa na kila mama anapopata dawa za kifafa bila kukatizwa, mtoto ambaye zamani tungemzika mapema anafikia utu uzima. Ni neema ya kumshukuru Mungu. Lakini neema hiyo ina maana kwamba wengi wa watoto hawa wataishi baada ya wazazi wao kuzikwa, na hatujajiandaa.

Serikali haijakaa kimya. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika ibara ya 54, inamhakikishia mtu mwenye ulemavu haki ya kutendewa kwa heshima na utu, na mwezi Mei 2025 nchi ilipata Sheria mpya ya Watu wenye Ulemavu kuchukua nafasi ya ile ya mwaka 2003. Kaya zilizoandikishwa zenye mtu mwenye ulemavu mkubwa hupewa shilingi 2,000 kwa mwezi. Tunazipokea hatua hizi kwa shukrani. Hata hivyo, kila aliyewahi kumtunza mtu wa namna hii nyumbani anajua jinsi shilingi 2,000 zinavyokwisha kabla ya wiki ya pili, na sheria, hata ikiandikwa vizuri namna gani, haichemshi maji ya kuoga saa kumi na mbili asubuhi.

Ndiyo maana familia nyingi, zikiishiwa nguvu, huligeukia Kanisa na kuomba nafasi katika kituo. Kanisa lina historia ndefu katika kazi hiyo. Mtakatifu Yosefu Benedikto Cottolengo alianzisha Nyumba Ndogo ya Maongozi ya Mungu mjini Torino, Italia, mwaka 1832, akiwapokea wale ambao hospitali nyingine ziliwakataa. Wanawe wa kiroho wapo hata kwetu: Mabruda wa Cottolengo wanaendesha hospitali ya Chaaria katika kaunti ya Meru, na kandokando ya wagonjwa wanaokuja na kuondoka wanaishi nao wanaume wenye ulemavu wa akili ambao Chaaria kwao ndiyo nyumbani.

Lakini siku hizi nyumba za namna hii zinaulizwa swali gumu, na tunaona inafaa waamini walijue badala ya kulikwepa. Mwaka 2006 Umoja wa Mataifa ulipitisha Mkataba wa Haki za Watu wenye Ulemavu, na Kenya iliuridhia mwaka 2008. Ibara ya 19 ya mkataba huo inatambua haki ya kila mtu mwenye ulemavu kuishi katikati ya jamii, akichagua mahali pa kuishi na watu wa kuishi nao. (Vatikani haikuutia sahihi mkataba huo, kwa sababu ya vifungu vinavyogusa afya ya uzazi, lakini juu ya mtu kuishi kati ya watu, hakuna linalopingana na imani yetu.) Mwaka 2017 Kamati inayousimamia mkataba ilitoa ufafanuzi wa ibara hiyo, na mwaka 2022 ikatoa mwongozo unaozitaka nchi zote kukomesha utaratibu wa kuwaweka watu wenye ulemavu katika taasisi.

Wapo wanaoyasoma maneno hayo kama shambulio dhidi ya masista na mabruda waliojitoa maisha yao. Sisi hatuyasomi hivyo. Kamati haikuhesabu vitanda tu. Ilisema wazi kwamba nyumba ya watu watano au wanane inaweza kuwa taasisi sawasawa na jengo la watu mia moja, ikiwa wakazi wake hawana kauli juu ya maisha yao ya kila siku. Nani anaamua saa ya kulala? Je, mkazi anaweza kukataa uji leo akaomba chai? Nguo alizovaa ni zake, au zimetoka katika rundo la wote? Akiletewa mwenzake wa chumba, aliulizwa? Anamfahamu jirani yeyote aliye nje ya ua kwa jina? Haya ni maswali ya haki, na nyumba yenye jina la mtakatifu mlangoni haijayajibu kwa kuwa na jina hilo.

Pamoja na hayo, hatukubaliani na wale wanaodhani kufunga nyumba kunatosha. Katika mazingira yetu, mtu akiondolewa kituoni bila kuandaliwa mahali pengine, mara nyingi hurudishwa katika chumba cha nyuma chenye kufuli, kwa ndugu ambao hawakumtaka toka mwanzo. Chumba kile nacho ni taasisi, tena kali kuliko zote, kwa sababu hakuna mkaguzi anayefika. Basi la kuulizwa kwanza ni hili: ndani ya nyumba yoyote ile, maisha ya pamoja yapo au hayapo?

Mfano mmoja tunaoweza kuutazama kwa karibu ni jumuiya za Safina, zinazojulikana ulimwenguni kwa jina la Kifaransa L'Arche. Mwezi Agosti 1964, katika kijiji cha Trosly-Breuil, kaskazini mwa Paris, Mkanada Jean Vanier aliwachukua wanaume wawili wenye ulemavu wa akili, Raphaël Simi na Philippe Seux, kutoka katika taasisi, wakaishi pamoja katika nyumba ya kawaida ya kijijini. Leo jumuiya za Safina zipo katika nchi zaidi ya 35, zikiwemo Uganda, mjini Kampala, na Kenya, mjini Nyahururu.

Utaratibu wake ni rahisi kueleza na mgumu kuuishi. Watu wachache wenye ulemavu na wasaidizi wao wanakaa nyumba moja. Wanapika pamoja, wanakula meza moja, wanaosha vyombo pamoja, hata kama kwa kufanya hivyo kazi ya dakika 20 inachukua saa nzima. Mchana wapo wanaokwenda karakana, kwa sababu mtu mzima anahitaji kazi na si kuburudishwa tu kama mtoto. Siku ya kuzaliwa ya kila mmoja huadhimishwa, na kila mmoja huambiwa mbele ya wote kwa nini wenzake wanamshukuru Mungu kwa ajili yake. Alhamisi Kuu huoshana miguu, na huosha wote, si mkubwa peke yake. Mtu aliyeishi miaka 30 akiitwa “yule mgonjwa” anapoosha miguu ya mtu aliyemwogesha asubuhi, jambo fulani linarekebishwa ambalo hotuba haiwezi kulirekebisha.

Kule Nyahururu, Safina iliota katika udongo uliokwisha kulimwa. Tangu mwaka 1997, shirika la Kikatoliki la St. Martin limekuwa likiwahudumia watu wanyonge wa eneo hilo kwa kauli mbiu kwamba ni kwa njia ya jamii tu. Maana yake ni kwamba kazi huanza kwa majirani wa kujitolea wanaowatembelea watu wenye ulemavu majumbani mwao, na shirika huja nyuma yao kuwafunza na kuwatia nguvu. Nyumba ya makazi, kwa mtazamo huo, ni kwa ajili ya yule ambaye kweli hana kwake pengine. Mpangilio huo tunauona kuwa sahihi. Kituo kinachojengwa kabla ya jamii kuamshwa hugeuka haraka kuwa mahali pa kuwaficha watu, na baraka ya kiaskofu siku ya ufunguzi haizuii hilo.

Haitakuwa haki kuitaja Safina bila kutaja jeraha lake. Vanier alifariki tarehe 7 Mei 2019, akisifiwa duniani kote kama mtakatifu aliye hai. Miezi michache baadaye, Februari 2020, uchunguzi ulioagizwa na Safina yenyewe ulithibitisha kwamba aliwadhulumu wanawake kingono chini ya kivuli cha uongozi wa kiroho. Ripoti ya tume huru, iliyotolewa Januari 2023, ilitaja wanawake wasiopungua 25, kati ya mwaka 1952 na 2019. Wanawake hao hawakuwa watu wenye ulemavu, lakini hilo halipunguzi kitu. Tunaheshimu uamuzi wa Safina wa kuyaweka haya hadharani, kwa maana mashirika mengine yangeyafukia pamoja na marehemu. Hata hivyo, ni lazima kila nyumba ya Kanisa ijifunze kutoka hapo. Mahali ambapo mtu mmoja anapendwa na kuaminiwa kupita kiasi, na wanaomtegemea hawana njia ya kusikilizwa, dhuluma inaweza kukaa humo miaka 50.

Maandiko Matakatifu yanalijua jambo hili. Tunapenda kuhubiri habari za Mefiboshethi, mwana wa Yonathani, aliyelemaa miguu tangu utotoni baada ya yaya wake kumwangusha walipokuwa wakikimbia. Mfalme Daudi alimtafuta, akamtoa Lo-debari, akamketisha mezani pake kama mmoja wa wanawe. Hapo ndipo mahubiri yetu mengi yanapokoma. Ni mara chache tunaendelea hadi sura ya 16 na ya 19 ya Kitabu cha Pili cha Samweli, ambapo Siba, mtumishi aliyekabidhiwa mashamba ya Mefiboshethi, anamsingizia bwana wake kwa mfalme, na mfalme mwema, bila kumsikiliza mlemavu mwenyewe, anampa Siba mali yote. Mefiboshethi anapopata nafasi ya kujitetea, anarudishiwa nusu tu ya ardhi. Tuseme wazi: meza ya mfalme haikumlinda, kwa kuwa sauti iliyofika masikioni mwa mfalme ilikuwa ya mtunzaji.

Siba wapo katika vijiji vyetu. Baba anapofariki, shamba hugawanywa kati ya ndugu walio na nguvu, na yule mwenye ulemavu wa akili huambiwa kwamba atatunzwa na kaka mkubwa, kana kwamba yeye si mrithi. Baada ya miaka miwili kaka huja parokiani kumwombea nafasi kituoni, akisema hana uwezo. Tunashauri kwamba kituo chochote cha Kanisa, kabla ya kumpokea mtu mzima, kiulize habari za urithi wake, na kamati ya haki na amani ya parokia ifuatilie. Vilevile kila mkazi awe na mtu mmoja wa nje, asiyelipwa na kituo wala asiye mrithi, anayemtembelea, anayezifahamu ishara zake kama hawezi kusema, na anayeweza kwenda moja kwa moja kwa Baba Askofu pakitokea jambo.

Lipo pia suala la wasaidizi, ambalo sisi Wakatoliki hulifunika upesi kwa neno “wito”. Ni kweli kwamba kazi hii ni wito. Lakini binti wa miaka 23 anayeamka mara tatu usiku kumgeuza mkazi asipate vidonda vya mgongoni anahitaji pia mshahara unaofika tarehe inayojulikana, bima, siku ya mapumziko na mtu wa kuzungumza naye anapochoka. Wakazi wenye ulemavu wa akili huumizwa sana na kuondoka kwa watu: wanamzoea mtu, wanampenda, kisha anatoweka kwa sababu amepata kazi inayolipa vizuri zaidi mjini. Nyumba nyingi za namna hii zimetegemea wafadhili wa ng'ambo, na parokia zetu zimezoea kuwaachia wao mzigo huo. Mfuko wa jimbo wa kulipa wasaidizi, hata ukianza na kidogo, ungekuwa na maana kuliko jengo jipya.

Tusisahau chakula cha Ekaristi. Kanuni ya 777 ya Sheria za Kanisa inamwagiza paroko ahakikishe kwamba katekesi inawafikia pia wenye ulemavu wa mwili na akili, kadiri hali yao inavyoruhusu. Bado tunakutana na watu wa miaka 35 waliobatizwa utotoni na ambao hakuna aliyewahi kuwaandaa kwa Komunyo ya Kwanza, kwa hoja kwamba hawaelewi. Katekista mwenye subira anaweza kugundua ndani ya miezi michache kwamba wanautofautisha mkate huu na mkate mwingine.

Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo zilizo karibu na vituo zina nafasi ambayo mtu mwingine hana. Kwa kawaida tunakwenda kuwatembelea Desemba, kwa basi la kukodi, na unga, sabuni, nyimbo na picha nyingi za simu. Wakazi hufurahi, na ifikapo saa kumi tumeondoka. Januari hadi Novemba ua ni kimya. Jumuiya moja ingeweza kumwalika mkazi mmoja, kwa jina lake, katika sala ya kila wiki nyumbani kwa mwanajumuiya, akae kwenye kiti kama wengine na anywe chai kama wengine. Mkazi huyo huyo angepewa zamu ya kupanga viti, kwa sababu anaweza, na asipofika juma moja, mtu angetumwa kuuliza ana nini.