Msiilaumu Ndoo

Ndugu mkulima, kila mara nasikia lawama hapa ofisini: "Ndoo za siku hizi ni mbovu, zashika kutu upesi." Mimi nakataa. Ndoo ya bati ni chuma kilichochovywa katika zinki iliyoyeyushwa kwa moto wa digrii 450 hivi. Zinki hiyo huliwa kwanza, chuma kikasalimika, hata penye mkwaruzo mdogo. Lakini wewe wakoroga mrututu wa kahawa humo humo! Shaba iliyomo huila zinki na kujibandika mahali pake. Ndoo yatoboka, na dawa yapungua nguvu. Hata mimi niliyesomea ualimu niliharibu yangu hivyo. Korogea dawa katika pipa la plastiki au la mbao, na ndoo uiachie maji ya ng'ombe.