Msiitupe, Ifungueni Kwanza!

Sikushika kalamu hii ili nikusimulie kisa cha sungura na fisi, la hasha! Nataka tuzungumzie jambo ambalo wengi watalicheka: mashine ya gemu iliyokataa kusoma diski.

Najua baadhi ya walimu wangu watakunja uso. "Gemu tena? Si ndizo zinazowafanya mvute mkia?" Huenda. Lakini nawaomba wanistahimilie, maana kwetu mashine hiyo haikuwa ya mchezo. Kaka yangu ana kibanda cha gemu mtaani. Ana runinga mbili na PlayStation 2 mbili kuukuu, na watoto hulipa shilingi kumi kila mechi. Kumi kumi hizo ndizo zilizoninunulia godoro na sanduku nilipoingia Kidato cha Kwanza, na sehemu ya karo pia. Basi likizo ya Desemba 2024, mashine moja ilipoanza kuandika kwenye skrini kwamba haiwezi kusoma diski, hakuna aliyecheka nyumbani.

Kaka aliipeleka kwa fundi mmoja. Fundi huyo hata bisibisi hakuishika! Aliitikisa, akaitegea sikio kama daktari, kisha akatoa hukumu: "Leza imekufa hiyo. Lete elfu mbili mia tano ama uitupe." Elfu mbili mia tano! Pesa zilizokuwa ndani ya nyumba zilikuwa za karo ya Januari. Mimi hapo ndipo nilipopata msimamo ninaoutetea katika ukurasa huu: mashine isiyosoma si maiti mpaka ifunguliwe na kuangaliwa.

Hebu tuelewane kwanza jinsi kitu hiki kinavyofanya kazi. (Chamani tulibishana wiki nzima kama tuseme diski au sahani ya santuri. Waliotaka santuri walishindwa kwa kura.) Diski ina vishimo vidogo mno, vimepangwa katika mstari mmoja unaozunguka kutoka katikati kwenda nje, mfano wa ile dawa ya mbu ya kuchoma. Leza huumulika mstari huo kupitia lenzi ndogo kama punje ya njegere, na mwanga unaorudi ndio mashine inaousoma. Katika CD, umbali kati ya mzunguko mmoja na mwingine ni mikromita 1.6, katika DVD ni 0.74 tu. Sasa fikiria vumbi la mtaani kwetu, moshi wa jiko la jirani, na watoto wanaoshika diski kwa mikono yenye mafuta ya chipsi. Lenzi itaona nini?

Tena PlayStation 2 husoma kwa leza za aina mbili. Ya CD ni ya nanomita 780, ambayo jicho la binadamu haliioni vizuri, na ya DVD ni ya nanomita 650, nyekundu. Gemu zilizotoka kwenye CD zina mgongo wa buluu, za DVD ni za rangi ya fedha. Yetu ilikuwa inazikataa za fedha, lakini ile moja ya buluu tuliyokuwa nayo iliisoma bila kinyongo. Hilo peke yake lilitosha kutuambia kwamba mota ya kuzungusha ni nzima na nyaya ni nzima. Fundi hakuuliza. Angeuliza swali moja tu angejua!

Tukaifungua wenyewe. Tulichomoa waya wa stima na kuiacha usiku kucha, kwa sababu ndani yake mna sehemu ya umeme ambayo huweza kuhifadhi chaji hata baada ya kuzimwa, na stima ya volti 240 haina mjomba wala shangazi. Skrubu tulizipanga kwenye kifuniko cha sufuria kwa mpangilio tuliozitolea, maana hazilingani urefu. Kilichonitisha zaidi ni zile tepe nyembamba za nyaya. Ukivuta kwa pupa umemaliza kazi.

Hapa nikiri kosa langu. Niliisugua lenzi kwa spiriti ya vidonda, ile ya kabati la dawa. Ikawa na ukungu kuliko mwanzo! Kumbe spiriti ya namna hiyo aghalabu huchanganywa na mafuta kidogo ili isikaushe ngozi. Inayofaa ni alkoholi ya isopropili isiyo na mchanganyiko, tone moja tu kwenye kijiti cha pamba, na mkono mwepesi. Lenzi hukalia waya laini mno na haitaki kugandamizwa.

Lakini uchafu wa lenzi ulikuwa nusu ya ugonjwa. Lenzi husafiri juu ya reli mbili za chuma, na grisi ya miaka yote hiyo ilikuwa imekauka, imeshikana na vumbi mpaka ikawa kama gundi. Tuliipangusa yote, tukapaka grisi nyeupe kidogo sana. (Usiniambie habari za mafuta ya kupikia. Kuna kijana mtaani aliyafanya hayo, na mende walimshukuru.) Tuliporudisha kila kitu mahali pake na kuweka diski ya kandanda, ilizunguka, ikasita, ikasoma. Kaka alinikumbatia nusura anivunje mbavu.

Wapo watakaosema nimebahatisha, na kwamba leza hufa kweli. Hufa, sikatai. PlayStation 2 ilitoka Japani Machi 2000 na utengenezaji wake ukakoma mapema 2013, kwa hivyo hata iliyo changa zaidi ni nzee sasa. Tena kuna hitilafu za maumbile. PlayStation ya kwanza, iliyotoka Japani Desemba 1994, kisomeo chake cha mwanzo kilikuwa na sehemu ya plastiki iliyochakaa na kupinda, tena kilikaa karibu na sehemu ya umeme yenye joto. Watu waliigeuza mashine kichwachini ili isome! Baadaye Sony ilikisogeza kisomeo mbali na joto hilo. Ukikutana na ugonjwa wa aina hiyo, pamba haisaidii.

Ninachopinga ni ile njia ya mkato ya kuzungusha kile kijiskrubu kidogo kilicho ubavuni mwa leza ili kuiongezea nguvu. Mafundi wengine huanzia hapo! Mashine itasoma, naam, mteja atalipa na kwenda zake akichekelea, lakini leza inayopata umeme mwingi kupita kiasi huungua upesi. Ni kama kumchapa punda mzee mjeledi ili afike sokoni: leo atafika, kesho je? Lenzi na reli zisafishwe kwanza. Kijiskrubu kiwe cha mwisho kabisa, na kipimwe kwa mita kabla ya kuguswa ili kiweze kurudishwa kilipokuwa.

Sasa nirudi hapa shuleni, maana humu ndimo nilimotaka kufika. Katika stoo iliyo nyuma ya maktaba kuna redio tatu za diski na kompyuta kadhaa. Redio moja ndiyo Idara ya Kiswahili iliyokuwa ikiitumia kutusikilizisha hotuba na mashairi. Ilikataa kusoma mwaka 2023 ikatupwa humo. Naambiwa zitauzwa kama vyuma vikuukuu. Jamani! Katika Fizikia tunafundishwa mwanga na lenzi, tunachora miale ubaoni mpaka chaki iishe, na nyuma ya ukuta kuna lenzi halisi zinazooza.

Ombi langu kwa utawala ni kwamba Jumatano, wakati wa vyama, maabara ya Fizikia ifunguliwe na mwalimu mmoja akae nasi, asije mtu akapigwa na stima. Tuanze na redio ya Kiswahili. Ikishindikana, iuzwe kwa kilo kama ilivyopangwa. Bisibisi ya kaka ninayo sandukuni, na mlinzi wa bweni ameshaikagua mara mbili.